Aliyebuni, Alichokikuta na Waliompokea

Katika mwalo wa wavuvi wa Igombe, kwenye Ziwa Victoria, kaskazini mwa jiji la Mwanza, mambo mapya mawili yamepokelewa kwa namna mbili zisizofanana hata kidogo. La kwanza ni taa. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, wakati ambao mwezi hauonekani, kwa kuwasha taa juu ya maji ili samaki hao wadogo wakusanyike chini ya mwanga, na kwa miongo mingi taa hiyo ilikuwa karabai ya mafuta ya taa. Siku hizi karabai zimepungua sana. Mahali pake pameshikwa na taa za betri, nyingi zikichajiwa kwa sola, ambazo mafundi wa hapa hapa huziunga kwa betri ya pikipiki, waya na vibalbu vyeupe, kisha huzifunga juu ya boya. La pili ni kichanja, yaani meza ndefu ya miti iliyotandikwa wavu, ambayo dagaa huanikwa juu yake badala ya kumwagwa mchangani. Faida za kichanja hakuna anayezibishia: upepo hupita juu na chini, dagaa hukauka upesi, hawashiki mchanga, kuku hawawachakuri, na mvua ikija ghafla ni rahisi kuwafunika. Hata hivyo, taa ilienea ziwani bila semina wala posho, ilhali kichanja, ambacho maofisa wa uvuvi wamekihimiza kwa miaka mingi, bado kinasuasua.

Maelezo yanayotolewa mara nyingi ni kwamba watu wa mialoni ni wagumu kubadilika. Maelezo hayo hayawezi kuwa kweli, kwa sababu waliobadili taa ni ndugu, waume na wana wa hao hao wasiotaka kubadili mahali pa kuanika. Nilipomuuliza mama mmoja anayekausha dagaa hapo Igombe, mtu wa rika la mama yangu mzazi, kwa nini ana kichanja kimoja tu na dagaa wengine wote wako chini, alinijibu kwa upole, kama mtu aliyekwisha kuulizwa swali hilo na wageni wengi. «Mwanangu, mnunuzi akija hapa anawachanganya wote gunia moja, bei moja. Tena wa mchangani ni wazito zaidi. Sasa hiyo miti na huo wavu nimnunulie nani?»

Jibu la mama yule lilinifanya nirudie jambo ambalo nimekuwa nikilifikiria kwa muda mrefu kuhusu chimbuko la ubunifu. Taa mpya ilikuwa na mwamuzi anayeijua kazi yake: ziwa lenyewe. Mvuvi aliyeijaribu alijua usiku ule ule kama dagaa wanakuja, na asubuhi alijua ni fedha kiasi gani ya mafuta ya taa imebaki mfukoni. Kichanja kilikosa mwamuzi wa namna hiyo. Kilikuwa na mtu aliyekibuni, kilikuwa na ujuzi wa kutosha nyuma yake, lakini hakikuwa na mtu wa kukitofautisha na mchanga na kulipa tofauti hiyo. Sisemi kwamba hali haibadiliki, kwa maana wapo sasa wafungashaji wanaouza dagaa safi katika pakiti mijini, na penye wanunuzi hao vichanja huongezeka. Ninachosema ni kwamba tofauti kati ya vitu hivi viwili haikuwa ndani ya vichwa vya watu wa Igombe.

Mwanasaikolojia Mihaly Csikszentmihalyi, Mhungari aliyefundisha kwa miongo kadhaa katika Chuo Kikuu cha Chicago na kufariki mwaka 2021, alilitazama jambo hili kwa kubadili swali. Badala ya kuuliza ubunifu ni nini, aliuliza ubunifu uko wapi. Kati ya mwaka 1990 na 1995, yeye na wanafunzi wake waliwahoji watu 91 waliokuwa wamefanya makubwa katika sayansi, sanaa, biashara na uongozi, na fikra aliyoisimamia ni kwamba ubunifu hauko ndani ya mtu peke yake. Uko katika makutano ya mambo matatu. Kuna utamaduni, yaani hazina ya ujuzi, kanuni na alama ambayo mtu huikuta. Kuna mtu mwenyewe, anayeichukua hazina hiyo na kuigeuza. Na kuna jamii, hasa wale wenye sauti ya kuamua kipi kiingizwe katika hazina na kipi kiachwe. Mfano wake mmoja ni mji wa Florence, ambako mwaka 1401 chama cha wafanyabiashara kiliitisha shindano la kutengeneza milango ya shaba ya jengo la ubatizo, kikateua waamuzi 34, na Lorenzo Ghiberti akashinda. Watu wa Florence hawakuzaliwa ghafla na akili kuliko vizazi vilivyowatangulia. Walikuwa na matajiri waliotaka kazi nzuri, walioijua kazi nzuri wakiiona, na waliokuwa tayari kubishana juu yake hadharani.

Huku kwetu tumezoea kusema fulani ana kipaji, na tukishasema hivyo tunajiona tumemaliza. Neno hilo ni zuri, lakini linatuondolea wajibu. Kipaji kikitoka kwa Mungu moja kwa moja hadi kwa mtoto, basi sisi wengine hatuna la kufanya isipokuwa kushangilia au kusikitika. Mtu anayeonyesha vizuri zaidi kwa nini mtazamo huo hautoshi ni mzee mmoja wa Ukerewe, kisiwa ambacho kivuko hutuunganisha nacho kila siku.

Aniceti Kitereza alizaliwa Ukerewe mwaka 1896, katika ukoo wa kitawala, akasoma kwa wamisionari wa Kagunguli na kisha katika seminari ya Rubya, upande wa Kagera, ambako alijifunza Kilatini. Alikuwa na hazina mbili za kuchota. Moja ilikuwa masimulizi, methali, mila na adabu za Wakerewe, ambazo alizikuta zikiwa hai kwa wazee waliokuwa watu wazima kabla ya Wajerumani kufika. Ya pili ilikuwa kitabu, yaani lile wazo la hadithi ndefu iliyoandikwa, yenye watu wanaoonekana wakiishi siku baada ya siku. Kutokana na hazina hizo alitunga jambo ambalo halikuwapo: riwaya kubwa ya Kikerewe juu ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, wanandoa waliokosa mtoto, na baadaye watoto wao Ntulanalwo na Bulihwali. Ndani yake mna pombe ya ndizi inayotengenezwa hatua kwa hatua, mashauri ya wakwe, dawa, uvuvi, ugomvi wa ndugu na mapenzi ya mke na mume yaliyokataa kuvunjwa na ukoo. Aliikamilisha mwaka 1945.

Riwaya hiyo ilichapishwa mwaka 1980, na Tanzania Publishing House, kwa Kiswahili. Katikati ya miaka hiyo 35 hakuna kilichoongezeka katika kipaji cha Kitereza, na hakuna kilichopungua katika utamaduni wa Ukerewe kiasi cha kuelezea ukimya ule. Kilichokosekana ni upande wa tatu. Hapakuwa na mchapishaji aliyeona maana ya kuchapa kitabu kikubwa kiasi hicho kwa lugha yenye wasomaji wachache. Watu wawili watatu walimsaidia, miongoni mwao padre Almas Simard aliyemtia moyo aandike na mwanahistoria Gerald Hartwig aliyefika Ukerewe mwishoni mwa miaka ya 1960, lakini msaada wa marafiki si sawa na jamii inayopokea. Mwishowe mzee mwenyewe, akiwa na zaidi ya miaka sabini na mwili unaomuuma, alikaa chini na kuitafsiri kazi yake yote kwa Kiswahili ili ipate mlango wa kupita. Alifariki mwaka 1981, kabla ya nakala zilizochapwa kumfikia.

Kwa kipimo kikali cha Csikszentmihalyi, kazi ambayo haijapokelewa na wenye kuamua haijawa bado ubunifu kamili, kwa kuwa haijabadili chochote katika hazina ya pamoja. Hapa ninakataa kumfuata. Siwezi kusema kwamba maandiko yaliyokuwa ndani ya nyumba ya Kitereza mwaka 1950 hayakuwa kazi ya ubunifu, kisha yakageuka kuwa ubunifu siku mtambo wa uchapaji ulipowashwa. Kila sentensi ilikuwapo tayari. Gregor Mendel, mtawa aliyechunguza urithi wa mimea, naye alichapisha majaribio yake ya njegere mwaka 1866, akafariki 1884, na wanasayansi wengine hawakuyatambua hadi mwaka 1900. Sheria za urithi alizozigundua hazikusubiri kibali chao ili ziwe kweli.

Hata hivyo, nikimkataa katika hilo, kuna jambo ananisaidia kuliona, nalo ndilo linaloniuma zaidi. Ucheleweshaji huu, pamoja na maumivu yaliyompata Kitereza, uliwaibia watu ambao majina yao hatutayajua kamwe. Laiti kitabu kile kingechapishwa mwaka 1946, vijana wa Kikerewe, Kijita na Kisukuma wa wakati ule wangekisoma wakiwa shuleni, mmoja wao angekasirishwa nacho na kuandika cha kumjibu, mwingine angeiga mtindo wake vibaya, wa tatu angeiga vizuri, na kufikia uhuru eneo hili la ziwa lingekuwa na kizazi cha pili cha waandishi waliokulia juu ya kazi ya wa kwanza. Hayo hayakutokea. Riwaya ilipotoka ilikuwa pekee yake, tena ikiwa imehama lugha. Jamii isipopokea kazi ya leo, hazina ambayo mbunifu wa kesho angeikuta inabaki tupu.

Hazina yenyewe nayo hufa, na hufa upesi kuliko tunavyodhani. Upande wa magharibi wa ziwa hili, katika nchi ya Wahaya, pale Katuruka na karibu na ghuba ya Kemondo, wanaakiolojia walikuta mabaki ya tanuri za kuyeyushia chuma, nyingine zikiwa na umri wa kati ya miaka 1,500 na 2,000. Mwaka 1976 mwanaakiolojia Peter Schmidt aliwaomba wazee wa Kihaya waliowahi kuifanya kazi hiyo ujanani wayeyushe chuma tena. Walijenga tanuri kwa udongo wa kichuguu na masalia ya uyeyushaji wa chuma wa zamani, wakajaza shimo matete yaliyochomwa, wakaingiza mirija ya udongo ndani kabisa ya tanuri na kuvukuta kwa zamu. Majaribio ya mwanzo hayakwenda vizuri, kwa sababu ujuzi huo haukuwa katika kichwa cha mzee yeyote mmoja. Ulikuwa umegawanyika kati ya wachomaji mkaa, wafinyanzi wa mirija, wavukutaji na wale waliojua nyimbo na wakati wa kila hatua, na ilibidi waukusanye kwa kukumbushana. Hatimaye chuma kilipatikana. Lakini kazi ilikuwa imeachwa kwa miongo mingi tangu majembe ya bei nafuu yalipoanza kuletwa kutoka nje, na kama wangengoja miaka ishirini zaidi pasingekuwa na wa kukumbushana. Kijana wa Kihaya mwenye akili ya pekee ya chuma, akizaliwa leo Kemondo, haanzii pale mababu zake walipofika.

Najua kwamba kusema haya yote kunaweza kumfanya mtu binafsi aonekane mdogo, na sitaki. Mjomba wangu alikuwa ningi, yaani manju, wa kundi la Bagika upande wa Magu, na nimeona kazi ambayo mtu huifanya peke yake. Wasukuma wamegawanyika tangu karne ya kumi na tisa katika pande mbili za ngoma, Bagika wanaomtaja Ngika kuwa mwanzilishi wao na Bagalu wanaomtaja Gumha, na ndani ya pande hizo mna vikundi vyenye sifa zake: wanaocheza na chatu, wanaocheza na nungunungu, na Bugobogobo wanaocheza na majembe. Mjomba alitunga akichunga ng'ombe, akirudia mstari mmoja mchana kutwa. Kisha aliupeleka wimbo shambani, kwa kikundi cha walimaji, akauimba wakati majembe yanapanda na kushuka. Mstari uliofanya mikono ilegee aliuacha hapo hapo, bila kujitetea. «Nikibishana na walimaji nitabaki na wimbo wangu mwenyewe,» aliniambia nilipokuwa kijana, na sikuona wakati ule jinsi alivyokuwa akisema jambo zito.

Wimbo ukishapita shambani ulikwenda kwenye mbina, mashindano ya ngoma ya baada ya mavuno, na hapo ndipo ninapoona utaratibu ambao Florence wenyewe hawakuwa nao. Vikundi viwili hushuka uwanjani kwa wakati mmoja, kila kimoja upande wake, vikipiga na kucheza kwa pamoja. Watazamaji husimama na kutembea. Anayechoshwa na upande huu huvuka kwenda ule, na anayesikia kicheko au mshangao kule hukimbilia kule. Mwenye umati mkubwa ndiye mshindi. Waamuzi si 34. Ni kijiji kizima, tena ni watu waliocheza ngoma hizo, waliolima kwa nyimbo hizo na wanaokumbuka kilichofanywa mwaka jana, kiasi kwamba ukirudia cha mwaka jana watakuondokea mbele ya macho yako. Ndiyo maana mbina ilizaa mambo mapya kila msimu: vinyago vinavyotembezwa, wanyama wa mbao, mavazi ambayo hayakuwahi kuonekana, beti za kumsema mpinzani alizozistahili asubuhi ile ile. Padre David Clement, Mkanada aliyeanzisha kituo cha Bujora pale Kisesa, aliuelewa utaratibu huu kiasi cha kuuacha uendelee katika sherehe za Bulabo, karibu na sikukuu ya Ekaristi, na hadi leo Bagika na Bagalu hukutana huko mwezi Juni.

Wapo watakaosema kwamba ushindi wa mbina uliletwa na dawa. Ni kweli kwamba manju walitafuta dawa za mvuto na kuzikinga kwa bidii, na imani hiyo ilikuwa na uzito wa pande mbili. Ilimfunga manju kijana kwa mwalimu wake, akakaa naye na kujifunza pamoja na dawa mengi ya sauti, mpangilio na subira. Ila pia ilimfanya anayefanikiwa kupita kiasi atiliwe shaka, na kanda yetu inajua vizuri mno jinsi tuhuma za uchawi zilivyogharimu maisha ya watu, hasa wanawake wazee. Jamii inayopokea ndiyo hiyo hiyo inayoweza kuangamiza, na sioni sababu ya kulificha hilo kwa kuwa tu ninaipenda mbina.

Kinachonitia wasiwasi zaidi leo ni kwamba ngoma zetu zimebadilishiwa waamuzi, na ni wachache waliokisema kitendo hicho. Kikundi huitwa kumpokea mgeni rasmi, kikapewa dakika chache kabla ya hotuba, mbele ya watu walioketi vitini kwa mpangilio. Hakuna anayeweza kuvuka kwenda upande mwingine, kwa sababu hakuna upande mwingine. Mgeni hajui Kisukuma, hivyo maneno hayana kazi. Hakuona ya mwaka jana, hivyo jipya halina faida. Chatu atamfurahisha kila mara, na kwa hiyo kila mara ataletwa chatu. Wachezaji wanalipwa, na wanastahili kulipwa, lakini nimewaona vijana hodari wakicheza kwa miaka mambo yale yale bila beti mpya hata moja. Watu husema vijana wa siku hizi hawana ubunifu wa wazee. Mimi naona kwamba tumewaondolea watazamaji wanaoweza kuwaondokea.

Kwa sababu hiyo, katika kikundi chetu kidogo cha waandishi kinachokutana Nyegezi, tumeanza kusomeana kwa kanuni ya uwanjani. Wawili husoma kwa wakati mmoja, mmoja sebuleni na mwingine barazani, na wasikilizaji wana ruhusa ya kuondoka wakati wowote kwenda kwa mwenzake. Mwanzoni ilionekana ni ukatili, na mmoja wetu aliacha kuja, jambo linalonisikitisha hadi leo. Waliobaki wanaandika tofauti na zamani: aya za kwanza zimekuwa fupi, na mtu akiona watu watatu wanainuka hurudi nyumbani akijua hasa ni ukurasa upi.

Ila kanuni hii imetufikisha mahali ambapo hatukupategemea. Binti mmoja mwanachuo ameanza kusoma hadithi zake kwa Kisukuma, na akisoma sebule hujaa. Tunajaa kwa sababu ya sauti yake na kwa sababu tunasikia kitu ambacho hatujawahi kukisikia kikiandikwa, lakini wengi wetu tuliokulia mjini hatuwezi kumwambia kama sentensi yake ni nzuri au imetoka katika Kiswahili na kuvikwa maneno ya Kisukuma tu. Tunampa umati bila kumpa waamuzi, na yeye mwenyewe ndiye aliyetuambia hivyo. Tumekwisha kwenda Kisesa kuwaona bibi wawili na mzee mmoja aliyekuwa manju wa Bagalu, kuwaomba waje kukaa nasi Jumamosi mbili kila mwezi. Bibi wamekubali kwa masharti ya nauli. Mzee amesema kwanza tumpelekee hadithi moja aisikilize, na kama haimfai hatasumbuka kupanda daladala.